Ukiipunguzia chipu chakula haiimbi polepole

Wanaoanza kuunda pleya yao kwa chipu ya VS1053, inayosimbua MP3 na kuigeuza kuwa sauti, huingia kwenye mtego mmoja. Wanaiona data ya MP3 ikipita kwenye waya, baiti baada ya baiti, wakajiambia kwamba anayetuma ndiye anayepanga mwendo. Wakitaka wimbo ukimbie, wanatuma haraka. Haukimbii. Wakitaka upungue kasi, wanatuma kwa kujivuta. Hapo unakatikakatika kama mtu anayeongea huku amebanwa na kwikwi, lakini kila kipande kinachosikika kiko kwenye mwendo wake wa kawaida.

Sababu ni kwamba saa haiko kwako. Chipu hii ya VLSI Solution, kampuni ya Tampere nchini Ufini, kwa kawaida huendeshwa na kristali ya 12.288 MHz. Gawanya kwa 256 unapata 48,000, na hicho ndicho kiwango cha juu cha sampuli inachoweza kutoa kwa sekunde. Wimbo uliorekodiwa kwa 44,100 Hz utachukua sampuli 44,100 kila sekunde, utume data upesi au uchelewe. Wewe ni mpishi tu, na mlaji ana kasi yake ya kutafuna.

Anayekuambia kama mlaji ana nafasi ni pini ya DREQ. Ikiwa juu, bafa ya kupokelea, yaani ghala dogo la data ndani ya chipu, ina nafasi ya angalau baiti 32. Ikiwa chini, subiri. Programu nzuri ya kulisha ni fupi sana: tazama DREQ, ikiwa juu tuma baiti 32, rudi kutazama. Chelewesho la makusudi katikati ya mzunguko huo halisaidii lolote, na ndilo linalozaa ile kwikwi.

Ukilikubali hilo, maswali mawili ya kila siku, jinsi ya kusitisha na jinsi ya kubadili kasi, yanapata majibu yanayofanana. Kusitisha ni kuacha kulisha. Kubadili kasi ni kuigusa saa ya chipu, au kuiomba chipu yenyewe itafune kwa namna nyingine.

Kusitisha: kuna mabaki tumboni

Acha kutuma data, wimbo utanyamaza. Hautanyamaza papo hapo, kwa sababu bafa ya kupokelea inabeba baiti 2,048 na chipu itazimaliza kwanza. Muda wa kuzimaliza unategemea ubora wa faili. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde linakula baiti 16,000 kila sekunde, kwa hiyo baiti 2,048 ni milisekunde 128. La kilobiti 320 linazimaliza kwa milisekunde 51. Rekodi ya hotuba ya kilobiti 32, inayokula baiti 4,000 tu kwa sekunde, itaendelea kusema kwa zaidi ya nusu sekunde baada ya kidole kuondoka kwenye kitufe. Nyuma ya bafa hiyo kuna nyingine ya sauti iliyokwisha kusimbuliwa, sampuli 2,048 za stereo, ambayo ni kama milisekunde 46 za ziada kwa 44,100 Hz.

Kwa muziki watu wengi hawatambui. Kwa hotuba wanatambua, na malalamiko huwa ni kwamba kitufe ni kibovu. Wanabadilisha kitufe, tatizo linabaki.

Kitufe nacho kina lake, tulimalize hapa. Kikibonyezwa, chuma chake hugongagonga kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na programu inayosoma kila mgongano husitisha, huendeleza, kisha husitisha tena. Puuza mabadiliko yote kwa milisekunde 30 hadi 50 baada ya lile la kwanza.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye kuendeleza. Programu nyingi hazikai zikitazama DREQ muda wote. Zimeunganisha pini hiyo na intarapti, ile ishara inayomkatiza mikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha pleya) kazi aliyo nayo, na imewekwa iamke DREQ inapopanda kutoka chini kwenda juu. Muziki ukiwa unachezwa, mambo ni mazuri: bafa inajaa, DREQ inashuka, bafa inapungua, DREQ inapanda, intarapti inalia, unalisha. Sasa sitisha. Chipu inakula mabaki yote na DREQ inapanda kwa mara ya mwisho, lakini wewe umesema usilishe, kwa hiyo intarapti hiyo inapita bure. Ukija kuendeleza, DREQ iko juu tayari. Haiwezi kupanda tena, maana imekwisha panda. Hakuna intarapti, hakuna data, kimya cha milele. Dawa ni mstari mmoja: ukiondoa alama ya kusitisha, iite mwenyewe kazi ya kulisha mara moja. Itajaza bafa mpaka DREQ ishuke, na gurudumu litazunguka lenyewe kuanzia hapo.

Usikate kifurushi cha baiti 32 katikati. Amri ya kusitisha ikija wakati unatuma, maliza kifurushi ndipo usimame. Na kama kadi ya SD inatumia njia ile ile ya SPI, zile nyaya za kupitishia data, hakikisha pini za XCS (ya amri) na XDCS (ya data) za chipu zote ziko juu kabla ya kuigusa kadi. XCS ikiwa chini, chipu inadhani maneno yaliyokusudiwa kadi ni amri zake. XDCS ikiwa chini, inayameza kama muziki, nawe utasikia mlio kama wa ndege aliyeshtuliwa kiotani.

Ule mlio wa "tap"

Sauti ikikatwa ghafla wakati wimbi liko mbali na sifuri, spika inaruka na sikio linasikia mlio mdogo wa kugonga. Dawa ni kushusha sauti kwa hatua kabla ya kunyamaza. Rejista ya sauti (rejista ni kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu), SCI_VOL, iko kwenye anwani 0x0B na inahesabu kwa nusu desibeli kwenda chini: 0x0000 ndiyo sauti kubwa kabisa, 0x2020 ni desibeli 16 pungufu kwa masikio yote mawili, 0xFEFE ni kimya. Ukiwa kwenye 0x20, ongeza 8 kila milisekunde moja, yaani desibeli 4 kwa hatua, na utafika kimya kwa takriban milisekunde 28. Kila hatua ni baiti nne tu kwenye SPI: 02 kwa maana ya kuandika, 0B, kisha thamani ya kushoto na ya kulia.

Usivuke mpaka ukaandika 0xFFFF ukidhani ni kimya zaidi. Hiyo inazima kabisa vikuza sauti vya ndani, na kuzima huko na kuwasha tena ndiko kunakogonga spika kwa nguvu kuliko tatizo ulilokuwa unalikwepa. 0xFFFF ni ya mtu anayekwenda kulala.

Pini ya GBUF nayo inawaponza wengi. Ni waya wa pamoja wa hedifoni na hukaa kwenye takriban volti 1.23. Si ardhi, wala haifai kuunganishwa na ardhi kwa hali yoyote. Ukitaka kupeleka sauti kwenye amplifaya ya nje, tumia ardhi ya kweli na upitishe kila chaneli kwenye kapasita. Kwa amplifaya yenye ukinzani wa kilo-ohm 10 kwenye ingizo, kapasita ya mikrofaradi 10 inapitisha kuanzia karibu 1.6 Hz, ambayo inatosha na kubaki.

Kushusha sauti kwanza kuna gharama yake. Ukishanyamazisha, yale mabaki ya baiti 2,048 bado yanaliwa, ila yanaliwa gizani. Msikilizaji akiendeleza, anakuta neno limeruka. Kwa wimbo wa dansi si kitu. Kwa mhadhara au somo la lugha, neno lililoruka linaweza kuwa ndilo "si" lililokuwa linabeba sentensi nzima. Kwa hiyo, unapoendeleza, rudisha nyuma nafasi ya kusoma kwenye faili. Kwa MP3 ya kilobiti 128, baiti 4,096 zinatosha: nusu yake ni yale mabaki, na nusu iliyobaki ni kwa sababu fremu moja, yaani kipande kimoja, ya MP3 ya namna hiyo ina baiti 417 au 418 na inaruhusiwa kukopa data kutoka fremu zilizotangulia, hadi baiti 511 nyuma. Ukianza katikati, fremu ya kwanza au ya pili inaweza kukosa mkopo wake na kutoa mkwaruzo. Acha sauti chini kwa milisekunde 50 hadi 100 za mwanzo, kisha ipandishe kwa hatua zile zile.

Kwa hotuba ni bora zaidi kurudi sekunde moja nzima, maana msikilizaji mwenyewe anahitaji kukumbuka alipokuwa. Idadi ya baiti za sekunde moja huna haja ya kuikisia. Chipu inaiandika kwenye kigezo kinachoitwa byteRate, anwani 0x1E05.

MP3 inasamehe mrukaji. Inatafuta alama ya mwanzo wa fremu na kuendelea. WAV, faili la sauti isiyobanwa, haisamehe. Sampuli moja ya stereo ya biti 16 ni baiti nne, na ukiangukia kwenye baiti isiyogawanyika kwa nne kuanzia mwanzo wa data, utapata kelele kama maporomoko ya maji, au kushoto kutabadilishana na kulia. Hesabu kutoka mwisho wa kichwa cha faili, si kutoka mwanzo wa faili. Na wakati chipu inasoma kichwa cha WAV, Ogg au WMA, biti ya 15 ya rejista ya SCI_STATUS inawaka kukuambia usiruke. Itazame kabla ya kila mruko.

Kusitisha si kusimamisha

Watu huchanganya mambo haya mawili. Ukisitisha wimbo, kisha mtumiaji akachagua wimbo mwingine, ukaanza tu kutuma faili jipya, kipande cha fremu ya zamani kilichobaki kinagongana na kichwa cha faili jipya. Mara nyingi MP3 itapona. Ogg au WAV mara nyingi haitapona.

Utaratibu ni huu. Soma rejista ya SCI_MODE, iwashe biti ya 3 iitwayo SM_CANCEL, uandike. Endelea kutuma faili lile lile la zamani, na baada ya kila baiti 32 soma tena SCI_MODE. Biti hiyo ikizima yenyewe, chipu imekubali kuacha. Soma baiti ya kujazia kwenye anwani 0x1E06, endFillByte, uitume mara 2,052. Kisha soma SCI_HDAT0 na SCI_HDAT1: zote mbili zikiwa sifuri, meza iko safi. Kama SM_CANCEL haijazima baada ya baiti 2,048, iwashe chipu upya kwa programu (reset) kupitia biti ya 2 ya SCI_MODE. Hilo hutokea mara chache sana, ila andika programu kama vile litatokea kesho.

Kosa la kawaida hapa ni kuwasha SM_CANCEL na kuacha kulisha wakati huo huo. Chipu inaitazama biti hiyo inapokula. Asiyekula haoni, na utangoja mpaka uchoke.

Kusitisha kwa muda mrefu

Kifaa cha betri kikiachwa kimesitishwa usiku kucha, chipu inaendelea kuzungusha mapigo yake bure. Ngoja mabaki yaishe, kisha andika 0xFFFF kwenye SCI_VOL, 0x0010 kwenye SCI_AUDATA ili kiwango cha sampuli kiwe kidogo sana, na 0x0000 kwenye SCI_CLOCKF ili kuzima kizidishi cha mapigo. Kabla ya hapo, zihifadhi thamani za rejista hizo. Ukiamka, zirudishe kwa mpangilio wa kinyume.

Watu wanakwama kwenye kasi ya SPI. Chipu inakubali kuandikiwa kwa robo ya mapigo yake ya ndani na kusomwa kwa moja ya saba. Ikiwa na kizidishi cha 3.5, mapigo ni 43 MHz, kwa hiyo unaandika mpaka 10.7 MHz na kusoma mpaka 6.1. Ukizima kizidishi, mapigo yanarudi 12.288 MHz, na mipaka inakuwa 3.07 na 1.75. Programu iliyozoea 8 MHz itaongea na kiziwi. Shusha SPI hadi 1 MHz kabla ya kuandika SCI_CLOCKF, na uipandishe tu baada ya kizidishi kurudi na DREQ kupanda. Hali hiyo hiyo ipo kila mara chipu inapowashwa, ndiyo maana bodi nyingi "zilizokufa" zinafufuka kwa kupunguza SPI tu.

Bodi nyingine za bei nafuu zinaonekana zimekufa kwa sababu tofauti: zinawaka zikiwa kwenye hali ya MIDI, inayongoja noti za muziki badala ya faili la sauti, kwa kuwa pini ya GPIO0 iko chini na GPIO1 juu. Soma SCI_AUDATA mara baada ya kuwasha. Ukikuta 0xAC45 badala ya 0x1F40, ndiyo hiyo. Andika 3 kwenye anwani 0xC017 na 0 kwenye 0xC019 kupitia rejista za WRAM, ambazo ni mlango wa kumbukumbu ya ndani ya chipu, kisha iwashe upya kwa programu.

Redio ya intaneti ni habari nyingine. Dakika moja ya kilobiti 128 ni baiti 960,000, na mikrokontrola ya ESP32 ina kilobaiti 520 za kumbukumbu ya ndani kwa shughuli zake zote. Huwezi kusitisha matangazo ya moja kwa moja ukayakuta yanakusubiri. Kata muunganisho, na ukiendeleza unganisha upya. Kuuacha wazi bila kusoma kunafanya stesheni ikukate yenyewe, kisha programu inabaki inasubiri data kwenye waya mfu.

Kubadili kasi

Ipo njia ya kutafutia, ipo ya kuvuta saa, na ipo ya kusikilizia. Kila moja ina kazi yake, na hasira nyingi zinatokana na kuchukua moja kwa kazi ya nyingine.

Ya kutafutia ni kigezo cha playSpeed, anwani 0x1E04. Ukiandika 2, chipu inakwenda mara mbili. 3, mara tatu. Sifuri na 1 ni mwendo wa kawaida. Kwenye SPI ni amri mbili: 02 07 1E 04 kuweka anwani, kisha 02 06 00 02 kuweka thamani. Hakuna 1.5 hapa, hakuna nusu. Ni ya mtu anayeshikilia kitufe cha kwenda mbele akitafuta kibwagizo.

Chipu ikienda mara nne, wewe nawe ulishe mara nne. Faili la kilobiti 320 litataka baiti 160,000 kwa sekunde, yaani vifurushi 5,000 vya baiti 32, kila kimoja ndani ya mikrosekunde 200. SPI ya 8 MHz inatuma kifurushi kwa mikrosekunde 32, kwa hiyo njia si tatizo. Tatizo ni kadi. Bafa ya baiti 2,048 kwa mwendo huo inakauka kwa chini ya milisekunde 13, na kadi ya SD inaweza kuchelewa kuliko hapo pale tu programu inapotafuta kipande kinachofuata cha faili. Weka bafa yako ya kilobaiti 4 au 8 kwenye mikrokontrola, soma kadi kwa vipande vya baiti 512, na ukiona bado inakatika, rudi mara tatu. Usisome byteRate ukitegemea ikuonyeshe mzigo mpya, maana inabaki kusema kasi ya kawaida ya faili. Zidisha mwenyewe.

Na playSpeed haifutiki wimbo unapobadilika. Wimbo unaofuata utaanza mbio, na mtumiaji ataapa kwamba faili limeharibika. Andika 1 kila unapofungua faili jipya, hata kama una hakika hukuigusa.

Njia ya pili inaigusa saa yenyewe. SCI_AUDATA, anwani 0x05, inabeba kiwango cha sampuli kwenye biti 15 za juu, na biti ya mwisho inasema mono au stereo. Faili la stereo la 44,100 linasomeka 0xAC45. Ukiandika 0x9B0B, ambayo ni 39,690 pamoja na biti ya stereo, wimbo unashuka hadi asilimia 90 ya mwendo wake. Sauti nayo inashuka, karibu nusutoni mbili, kama santuri iliyopunguzwa mzunguko. Matumizi ya data yanafuata yenyewe bila kuambiwa: zile baiti 16,000 zinakuwa 14,400. Kwenda juu kuna dari, 48,000, kwa hiyo faili la 44,100 halipandi zaidi ya asilimia 8 na kitu. Kwa faili za Ogg Vorbis njia hii haifanyi kazi, kwa sababu dekoda, sehemu ya chipu inayosimbua, inaandika tena thamani yake juu ya yako.

Uzuri wa njia hii uko kwenye marekebisho madogo. Kristali ya stesheni ya redio na ya kifaa chako hazifanani kamwe. Zikipishana sehemu 100 kwa milioni, kwenye kilobiti 128 unapungukiwa baiti 1.6 kila sekunde. Bafa ya baiti 2,048 peke yake itakauka baada ya dakika 21, na ukiongeza ya kilobaiti 16 kwenye mikrokontrola utafika karibu saa tatu kabla ya kusikia mkatiko usioeleweka. Kila hatua ya AUDATA ni 2 Hz, takriban sehemu 45 kwa milioni kwenye 44,100. Tazama ujazo wa bafa yako kila dakika: ukipungua chini ya theluthi shusha hatua moja, ukizidi theluthi mbili pandisha moja. Hakuna sikio litakalotambua.

Ya tatu, ya kusikilizia, ndiyo watu wanayoitaka kweli: hotuba iende haraka lakini msemaji asigeuke kinyago. Programu ya ndani ya VS1053 haina hiyo. Ndugu yake VS1063 anayo. Kigezo cha speedShifter kiko 0x1E1D, na 16384 ni mwendo wa kawaida. Mara 1.25 ni 20480, yaani 0x5000. Asilimia 80 ni 13107, yaani 0x3333. Mipaka ni kutoka 0.68 hadi 1.64. Kabla ya hapo iwashe kwa biti ya 6 ya playMode, anwani 0x1E09. Kwenye playMode hiyo hiyo, biti ya 1 ni kusitisha halisi kunakofanywa na chipu yenyewe, mabaki yakabaki yanakusubiri. Kwa kifaa cha mihadhara au masomo, tofauti ya bei kati ya chipu hizi mbili inalipwa na vigezo hivi viwili tu.

Tahadhari moja unapogusa biti za namna hii: ukisoma WRAM, anwani inasogea mbele yenyewe. Ukiweka 0x1E09, ukasoma, ukaongeza biti, kisha ukaandika moja kwa moja, umeandika kwenye 0x1E0A. Weka anwani upya kabla ya kuandika.

Asiye na VS1063 anaweza kusimbua kwa programu kwenye ESP32 na kupeleka sampuli kwenye DAC ya I2S, kile kigeuzi cha namba kuwa sauti kinachopokea data kwa nyaya za I2S. Hapo kubana muda ni kazi yako: kata sauti vipande vya milisekunde 20 hadi 30, vipachike kwa kupishana, na kila kiungo kitafutie mahali ambapo mawimbi yanalingana. Upana wa kutafuta usiwe chini ya mzunguko mmoja wa sauti nzito. Mwanaume wa 80 Hz ana mzunguko wa milisekunde 12.5, yaani sampuli 551. Ukibana hapo, sauti yake inapata mtetemo kama anaongea ndani ya pipa.

Kusitisha kwenye I2S nako kuna mzimu wake. Ukiacha kuandika, DMA, ile sehemu inayohamisha data yenyewe bila programu, haiachi kusoma. Inazunguka bafa zile zile za zamani, na spika inalia "ti-ti-ti-ti" mpaka uchomoe waya. Kwenye mipangilio ya dereva ya ESP-IDF (zana za kuandikia programu za ESP32) washa kipengele cha kusafisha bafa zenyewe, tx_desc_auto_clear kwenye dereva ya zamani na auto_clear kwenye mpya. Bafa nane za sampuli 1,024 ni milisekunde 186 za kuchelewa kusitisha, kwa hiyo punguza idadi kama kitufe kinaonekana kizito.

Vile vibodi vidogo vya DFPlayer Mini, vinavyosoma kadi na kucheza MP3 vyenyewe, havina mjadala huu. Kwa serial ya 9600, 7E FF 06 0E 00 00 00 FE ED EF inasitisha, na pini ya BUSY inabaki chini muda wote wimbo unapochezwa. Amri ya kasi haina.

Limebaki la kioo cha kuonyesha muda. SCI_DECODE_TIME inahesabu sekunde zilizosimbuliwa. Ukisitisha inasimama, kwa sababu hakuna kinacholiwa. Kwa playSpeed inakimbia pamoja na wimbo, na hilo ni sahihi. Lakini ukirudisha nyuma nafasi ya faili haijui, na wimbo mpya ukianza haijirudishi sifuri. Andika thamani sahihi mwenyewe, uiandike mara mbili mfululizo, maana programu ya ndani ya chipu inaweza kuwa katikati ya kuandika yake na kuifuta ya kwanza.